Chupa Kifuani

Mwanasesere wa Kwandu hana jina.
Kichwa chake ni soksi iliyojazwa mchanga wa Igombe,
mwili ni kitenge kilichochujuka,
na kifuani, mahali pa moyo, kuna chupa ya maji
ya nusu lita, tupu, imefungwa kizibo.
Ukiibonyeza inalia ta.
Ukiiachia inalia tena.

"Hiyo sauti ya pili mnaisikia?" anauliza Kwandu.
"Kifua kisiporudi juu, moyo haujai."

Tumekaa kwenye turubai la dagaa, wanawake kumi na wawili,
mikono inanuka ziwa. Milembe anacheka:
nesi mzima anacheza na mdoli!
Nami nacheka naye, ili nisitazame.

Gonga unyayo. Mwite. Usimtikise,
shingo yake bado ni mche wa mpunga.
Kama hapumui, au anaachama mara moja moja
kama sato aliyetupwa mtumbwini,
piga kelele watu waje, mmoja apige simu,
mwingine atafute pikipiki. Wewe usibanduke.
Mlaze pagumu, si kitandani. Uso utazame juu,
sawasawa, kama anayehesabu mabati ya paa;
ukimpinda shingo nyuma sana, njia ya hewa inajiziba.
Mdomo wako ufunike mdomo wake na pua, vyote viwili,
upulize pumzi ya mashavu tu.
Huwashi kuni. Kifua kikiinuka, inatosha.
Aliyetoka majini hupewa tano kabla ya lolote.

Halafu vidole gumba viwili, pamoja, juu ya mfupa,
chini kidogo ya chuchu, mbali na chembe cha moyo,
viganja vimkumbatie mbavu
kama unavyoshika kibuyu chenye maziwa.
Zama theluthi ya unene wa kifua. Ndiyo, kina hicho.
"Mnaogopa," anasema Kwandu. "Ogopeni, lakini bonyezeni."
Thelathini, kisha pumzi mbili, kisha thelathini,
mwendo wa wawili wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja.
Ta-ta, ta-ta, ta-ta.

Bi Nyamizi anainua mkono:
"Sisi huwashika miguu, kichwa chini,
tukawatikisa maji yatoke."
Kwandu hamcheki.
"Maji yanayotoka ni ya tumboni, mama.
Na dakika zinatoka pamoja nayo."

Turubai zima linanyamaza.

Mwaka ule halikuwa ziwa. Watu hudhani ziwa.
Ilikuwa ndoo ya lita ishirini, nyuma ya jiko,
maji ya kufulia, nusu tu,
na Holo alikuwa amejifunza kusimama kwa kushika vitu.
Nilimshika miguu. Mimi.
Nikamzungusha mbele ya nyumba, nikimwita,
na maji yakatoka kweli, mengi,
nikafurahi.

Sikuwahi kumwambia Kwandu. Labda uso umemwambia,
maana zamu yangu inapofika hasemi karibu wala pole,
anamsogeza tu mdoli hadi kwenye magoti yangu.

Imo, ibili, idatu,
nahesabu kwa lugha niliyombembelezea Holo.
Kufika ishirini mabega yanawaka.
Thelathini. Pumzi. Kitenge kina ladha ya vumbi na sabuni.
Pumzi. Kifua hakiinuki, ni chupa,
nakitazama hivyo hivyo.

"Imetosha," anasema Milembe, "na mimi nijaribu."
"Mwache," anasema Kwandu.

Naanza tena.

Jioni nazipindua ndoo zote za uani,
na mbili za jirani, bila kumwomba.